Methali ya mhunzi na chuma cha Malindi

MAJUZI nilisimama penye kibanda cha jua kali mjini Malindi, nikimtazama fundi akiyeyusha alumini chakavu ili atengeneze sufuria. Nikamuuliza kazi hiyo huiitaje.

“Twamwaga tu, mwalimu.”

Na hicho unachomwagia?

“Moldi.”

Nikamwambia Kiswahili kina kitenzi ‘kusubu’ na nomino ‘kalibu’. Akacheka: “Hayo ni ya vitabuni.”

Jibu lile lilinichoma, maana Malindi si mgeni wa madini. Mnamo 1154, al-Idrisi, mwanajiografia wa mfalme Roger II wa Sicily, aliandika kuwa watu wa Malindi wana machimbo ya chuma, na kwamba chuma ndicho kinachowapa faida kubwa zaidi. Ni kweli al-Idrisi hakufika kwetu; alitegemea masimulizi ya wasafiri. Lakini ardhi nayo imesema. Huko Mambrui, kaskazini mwa Malindi, wanaakiolojia wa Kenya na China waliochimba mwaka 2010 walikuta mabaki ya tanuri na, ashakum si matusi, mavi ya chuma, yaani taka zinazobaki mawe ya chuma yakishachomwa. Pwani hii haikuwa ikinunua tu, ilizalisha pia.

Shahidi wa tatu ni lugha. Wahenga walisema: Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. ‘Sana’ hapa si ile ya ‘asante sana’. Kusana ni kufua chuma. Kuvukuta ni kupuliza moto kwa mivukuto. Methali imetuwekea karakana nzima: mmoja ana nyundo, mwingine ana upepo.

Mbona basi haitaji kusubu? Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 hivi za Selsiasi, joto ambalo matanuri ya kale ya makaa kwa kawaida hayakulifikia. Kilichotoka ni bonge lenye vitundu, likafuliwa hadi likawa jembe au kisu. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, ndiyo maana ilisubiwa. Tazama siwa ya shaba ya Lamu. Hivyo tofauti ya kufua na kusubu si pambo la kamusi. Ni elimu ya moto iliyohifadhiwa katika vitenzi viwili.

Nilipofika nyumbani nikagundua nilimsahihisha fundi kwa pupa. ‘Kusubu’ tumelipata kwa Kiarabu ‘sabba’, na maana yake ni kumimina. ‘Kalibu’ nalo latokana na ‘qalib’. Yule bwana, bila kamusi, alikuwa amelirudia wazo lile lile kwa neno lake mwenyewe: twamwaga.

Kosa, basi, si lake. Neno lisilotamkwa penye moto hupoa, hata likiandikwa kwa wino wa dhahabu. Sisi wa kamusi na vitabu vya kiada tuende tukawasikilize mafundi kabla ya kuwabunia istilahi, nasi tuwapelekee yale ya kale yanayowafaa. Mimi nitarudi Malindi, na safari hii nitaanza kwa kuvukuta.