Udaktari Haufunzwi Ubaoni

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika elimu ya tiba, hekima hiyo ina historia ndefu. Mwanzoni mwa karne ya 18, mjini Leiden, Uholanzi, Herman Boerhaave aliwafundisha wanafunzi wake mbele ya vitanda 12 tu vya wagonjwa, na vijana wakamiminika kwake kutoka pande nyingi za Ulaya. Mwishoni mwa karne ya 19, William Osler aliendeleza njia hiyo katika Hospitali ya Johns Hopkins, Marekani. Mwanafunzi aliingia wodini, akamhoji mgonjwa, akampapasa, akamsikiliza mapigo ya moyo.

Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu asiye daktari, alitoa ripoti juu ya vyuo vya tiba 155 vya Marekani na Kanada. Vingi vilikuwa biashara tupu: ada inalipwa, mihadhara inasomwa, lakini maabara haina vifaa na mwanafunzi hamgusi mgonjwa. Alidai kila chuo kiwe na maabara na hospitali ya kufundishia. Katika hilo alikuwa sahihi.

Hata hivyo, nauliza: nani alilipa gharama? Fedha za Rockefeller zilikwenda kwa vyuo vilivyokwisha kuwa imara, Johns Hopkins kikiwamo; vyuo maskini vikafungwa. Kati ya vyuo saba vya Wamarekani weusi vilisalia viwili, Howard na Meharry. Flexner mwenyewe alishauri daktari mweusi afunzwe usafi wa afya zaidi kuliko upasuaji. Ndiyo kusema, swali la nani aukaribie mwili wa mgonjwa lilikuwa la kisiasa kabla ya kuwa la kitaaluma.

Nasi Watanzania tunalo swali letu. Chuo cha tiba cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1963 ndani ya hospitali ambayo leo ni Muhimbili. Waasisi walijua kwamba darasa na wodi havitenganishwi. Leo, kila inapotangazwa nia ya kuongeza udahili, napenda tuhesabu kwanza vitanda na wakufunzi. Mwanafunzi wa thelathini katika duara la kitandani haoni mgonjwa. Anaona migongo ya wenzake. Siku moja atapewa kisu, na atakayelala mbele yake ni mmoja wetu.