Majumba ya Sinema Ambayo Kamera Haikuyafikia: Iringa na Mbeya

Kuelekea mwisho wa Hatari!, filamu ya Howard Hawks iliyotoka mwaka 1962, ndama wa tembo wanatimua mbio katikati ya mji wa Arusha wakimsaka Dallas, mhusika aliyeigizwa na Elsa Martinelli. Wanakata mitaa, wanaingia madukani, watu wanawapisha. Hawks alikuja Tanganyika kupiga picha za kukamata wanyamapori, steringi akiwa John Wayne. Mji aliuingiza ili kuchekesha tu. Hata hivyo, anayetaka kuona Arusha ilivyokuwa karibu na Uhuru, maduka yake, magari yake, mavazi ya wapita njia, atafaidika zaidi na dakika hizo chache kuliko na vifaru wote waliofukuzwa porini.

Iringa na Mbeya hazikupata bahati hiyo, ingawa nazo zilikuwa na majumba ya sinema. Kamera za Hollywood zilivutwa na kaskazini, kwenye wanyama na Kilimanjaro. Za serikali zilitafuta wa kumfundisha. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa filamu za elimu wenye makao Vugiri, milima ya Usambara, ulitengeneza filamu zipatazo 35 kuhusu kilimo, afya na kuweka akiba. Miaka ya 1950 ikaja Muhogo Mchungu, ambamo Rashidi Kawawa, Waziri Mkuu wa baadaye, aliigiza. Katika macho ya watengenezaji hao, Mwafrika alikuwa mwanafunzi. Kwamba jioni alikata tiketi kwa hiari yake akaketi kumtazama Raj Kapoor, nyota wa sinema za Kihindi, hilo hawakuona haja ya kulipiga picha.

Na kuifikisha picha Iringa na Mbeya, Nyanda za Juu Kusini, ilikuwa kazi. Reli ya Kati ilipita mbali, Dodoma na Itigi, na TAZARA ilikabidhiwa mwaka 1976 tu. Kabla ya hapo makopo ya mikanda yalipandishwa kwa barabara. Filamu moja ndefu ya Kihindi ilijaza makopo kadhaa, na mkanda mmoja mkubwa haukuzidi dakika 20 hivi. Ukumbi wenye mashine mbili ulihitaji fundi mwenye macho makali: alisubiri alama ndogo ya duara iliyojitokeza pembeni juu ya picha, akawasha mashine ya pili kabla mkanda wa kwanza haujaisha. Akichelewa, pazia linabaki jeupe na ukumbi mzima unapiga miluzi. Mtu huyo alistahili filamu yake mwenyewe.

Los Angeles walikuwa na urahisi ambao sisi hatukuwa nao. Jumba la sinema la Million Dollar, lililofunguliwa mwaka 1918, linaonekana katika filamu ya D.O.A. ya 1950 na tena katika Blade Runner ya 1982, kwa sababu waliotengeneza filamu waliishi mji huohuo. Wakitaka mtaa, walishuka mtaani. Kwetu filamu ilikuja imekwisha kutengenezwa, na kuja kwa Tanzania Film Company mwaka 1968 hakukubadili sana hali hiyo: kampuni ilishika uagizaji, lakini filamu zake za hadithi zilikuwa chache. Mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo ikapeleka majengo mengi ya mijini kwa Msajili wa Majumba, chombo cha serikali. Kisha ikaja video, na mwaka 1994 televisheni ikaanza Tanzania Bara.

Kwa kuwa kamera hazikuyafikia, ushahidi wa majumba ya sinema ya Iringa na Mbeya tuutafute kwenye albamu za familia: picha ya arusi iliyopigwa barabarani, vijana wa miaka ya 1970 wamevaa bugaluu, nyuma yao ubao wa matangazo ya filamu. Iringa tayari kuna pa kuzihifadhi, Makumbusho ya Boma yaliyofunguliwa mwaka 2016. Zikusanywe sasa, pamoja na majina ya waliouza tiketi na walioendesha mashine, wakati waliokaa viti vya mbele bado wapo wa kutuambia ni nani aliyesimama mlangoni.