Hofu ya Mnara Katika Ukanda wa Dhahabu

Mwaka 2000 mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulifunguliwa, na Agosti ya mwaka huohuo kampuni ya simu ya Vodacom ikaanza kazi Tanzania. Kabla ya hapo tulikuwa na Mobitel tangu 1994, lakini simu ile ilikuwa ya wenye nazo, tena wa mijini. Nchi nzima laini za simu za mkononi hazikufika laki mbili. Kwa mtu wa vijiji vya wachimbaji kama Maganzo au Nyarugusu, habari ya haraka ilikuja kwa mtu aliyeshuka kwenye basi.

Minara ikafuata fedha: mijini kwanza, migodini, halafu vijijini. Kwenye vijiji vilivyochelewa watu walipanda kichuguu au jiwe kubwa kutafuta mtandao, na kila kijiji kilikuwa na jiwe lake la simu. Kuanzia 2008, huduma ya kutuma fedha kwa simu ya M-Pesa ilipoingia, mchimbaji mdogo aliweza kutuma fedha nyumbani bila kuzishona kwenye pindo la suruali. Mwishoni mwa 2022 laini zilikuwa zimepita milioni 60.

Hofu nayo ilipanda pamoja na minara. Mnara unaleta saratani, unaharibu uzazi, simu ya mfukoni inamaliza nguvu za kiume: maneno haya yanasikika Kahama kama yanavyosikika Katoro. Hayakuanzia kwetu. Mwaka 1993 Mmarekani David Reynard alikwenda kwenye kipindi cha televisheni cha Larry King kueleza kwamba mkewe alikufa kwa uvimbe wa ubongo uliosababishwa na simu. Mahakama ilitupilia mbali kesi yake mwaka 1995 kwa kukosa ushahidi, ila swali lilikwisha kutoka. Afrika Magharibi uvumi ulikwenda mbali zaidi: Nigeria mwaka 2004, kisha Ghana mwaka 2010, watu waliogopa kupokea simu kutoka namba fulani wakiamini kwamba ukiipokea unakufa papo hapo.

Hapa kwetu serikali yenyewe iliwahi kuitumia hoja ya afya. Usiku wa 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima. Miezi kadhaa kabla, watu waliambiwa wabonyeze *#06#, kisha watume namba ya IMEI kwenda 15090 wajue kama simu yao ni halali. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba simu isiyopimwa ubora inaweza kumdhuru mtumiaji. Kwa wengi wa mikoani hiyo ndiyo mara ya kwanza neno mionzi kutajwa pamoja na kitochi walichokuwa nacho mfukoni, na nadhani liliwakaa kichwani kuliko maelezo yote ya baadaye.

Mionzi haifanani yote. Eksirei, na vyanzo vya mionzi vinavyotumika kupimia uzito wa tope kwenye mitambo ya dhahabu, vina nguvu ya kung'oa elektroni na kujeruhi chembe za urithi. Mawimbi ya simu ni ya ukoo wa redio; hayana nguvu hiyo. Athari yake iliyothibitika ni kupasha mwili joto, na ndiyo maana Ulaya inataka simu isiuingizie mwili zaidi ya wati 2 kwa kila kilo sehemu ya kichwani. Mipaka ya namna hiyo si pambo. Septemba 2023 Ufaransa ilisimamisha uuzaji wa iPhone 12 baada ya kuikuta ikitoa wati 5.74 kwa kilo kwenye kipimo cha simu iliyoshikwa mkononi au mfukoni, badala ya 4 zinazoruhusiwa, mpaka programu yake iliporekebishwa.

Kuna jambo ambalo wanaopinga minara vijijini hawaambiwi. Simu hupandisha na kushusha nguvu zake kulingana na umbali wa mnara. Ukiwa karibu inanong'ona. Ukiwa mbali inapiga kelele kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Simu ya kawaida ya kizazi cha pili inaweza kufika wati 2 kwa mpigo, wastani wa robo wati, na yote hiyo iko sentimita chache kutoka ubongoni. Kijiji kinachoufukuza mnara hadi kilima cha pili kinazilazimisha simu zake kutumia nguvu zaidi, usiku na mchana. Halafu antena za mnara huelekeza mawimbi mbele, si chini miguuni pake.

Je, saratani? Mei 2011 shirika la IARC, la utafiti wa saratani chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka mawimbi hayo kundi la 2B, yaani huenda yakasababisha saratani. Magazeti yaliishia hapo. Ajabu ni kwamba mwaka uliofuata IARC hiyohiyo iliweka moshi wa dizeli kundi la 1, la visababishi vilivyothibitika, na minara mingi ya vijijini imekuwa ikiendeshwa kwa jenereta ya dizeli. Watu wakawa wanatazama antena juu, na moshi uko chini mlangoni. Vumbi la jiwe la kwarizi linalotoka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, nalo liko kundi la 1 tangu 1997.

Zebaki, ambayo wachimbaji wadogo huitumia kunasa dhahabu, ina habari yake. Saratani imekuwa mjadala mkubwa Kanda ya Ziwa, na wengi huitupia zebaki lawama. Lakini zebaki ya mialoni, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, inajulikana zaidi kwa kushambulia neva na figo: mikono kutetemeka, kusahausahau, kukosa usingizi. Mapema miaka ya 2000, kupitia mradi wa UNIDO, wataalamu walipima watu wa Rwamagasa wilayani Geita na kuwakuta baadhi ya wanaochoma dhahabu wakiwa na dalili za sumu hiyo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Mwalo hauna mlingoti mrefu wenye taa nyekundu ukaonekana kutoka kijiji cha tatu, labda ndiyo sababu haukuogopwa mapema.

Tafiti za simu zimeendelea. Utafiti wa Interphone wa mwaka 2010 ulihusisha nchi 13, hakuna hata moja ya Afrika. Majaribio ya Marekani yaliyotolewa 2018 yalikuta uvimbe kwenye mioyo ya panya dume waliowekwa kwenye mawimbi makali mwili mzima kwa saa nyingi kila siku, na ndiyo yanayotajwa zaidi na wenye wasiwasi. Kwa binadamu hali ni nyingine. Mwaka 2024 mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani, yaliyounganisha tafiti 63 kutoka nchi 22, hayakuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliotumia zaidi ya miaka 10. Mwaka huohuo utafiti wa COSMOS uliofuatilia watu zaidi ya 250,000 barani Ulaya ulifika palepale.

Kwetu kazi ya kupima mionzi iko kwa Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, mrithi wa Tume ya Taifa ya Mionzi iliyozaliwa na sheria ya 1983. Wananchi wachache wanajua kwamba minara ni sehemu ya kazi hiyo. Vipimo vikibandikwa ofisi ya kijiji vingesaidia kuliko semina. IARC nayo imeyaweka mawimbi ya simu kwenye orodha ya mambo ya kutathminiwa upya. Mwenye wasiwasi kwa sasa anaweza kutumia spika au waya wa masikioni, hasa akiwa mahali ambapo mtandao unaonyesha mstari mmoja.