Trekta Iliyozaliwa Tambarare

Trekta ndogo ikipinduka mlimani, lawama humwangukia dereva: alikwenda kasi, alikata kona vibaya. Historia ya mtambo wenyewe haiafiki haraka hiyo ya kuhukumu. Trekta ilibuniwa kwa mashamba ya tambarare, na kwa muda mrefu kupinduka kulikowashughulisha wabunifu kulikuwa kule kwa kuelekea nyuma, ambako hutokea hata penye ardhi sawa. Trekta ya Fordson, iliyoanza kuundwa mwaka 1917, ilijulikana vibaya kwa hilo. Plau ikinasa kwenye kisiki huku magurudumu ya nyuma yameshika ardhi, injini iliendelea kusukuma, pua ikanyanyuka na chuma chote kikamlalia dereva. Harry Ferguson wa Ireland alilitibu tatizo hilo kwa kuunganisha plau na trekta kwa mikono mitatu, hivi kwamba ukinzani wa udongo ulisukuma mkono wa juu mbele na kuyakandamiza magurudumu ya mbele. Trekta yake ya TE20, iliyotoka mwaka 1946, iliundwa kwa idadi inayozidi laki tano. Sifa anastahili, ila mikono ile haizuii trekta kulala ubavu.

Kwenye mteremko hesabu hubadilika. Kitovu cha uzito kikiwa mita 0.7 juu ya ardhi na magurudumu yakiachana mita 1.2, trekta iliyosimama ingepinduka mteremko ukifika nyuzi 40 hivi. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Ekseli ya mbele huchezea pini ya katikati ili ifuate mabonde na matuta, kwa hiyo trekta ya magurudumu manne huanza kupinduka kana kwamba imesimama juu ya pembetatu. Ekseli ikija kugonga kizuizi chake, mara nyingi mtambo umeshashika kasi. Ongeza shimo upande wa chini, au mzigo ulioinuliwa juu, na zile nyuzi hupungua sana. Kutanua magurudumu husaidia, ingawa nafasi kati yake iliwekwa kwa ajili ya mistari ya mazao. Maji ndani ya matairi nayo huteremsha kitovu cha uzito. Wapo wanaotegemea nguvu ya magurudumu yote manne, lakini hiyo huongeza mshiko, nao mshiko humfikisha dereva mahali pa hatari zaidi.

Walioanza na mlima wenyewe walipata umbo jingine. Aebi ya Burgdorf, Uswisi, ilileta Terratrac katika miaka ya 1970: fupi kwa kimo, pana, matairi manene, kifaa cha kukatia majani mbele. Mtu atasema mashine hiyo ni ya matajiri wa Alps, na ni kweli. Ndiyo maana hatua ya Sweden naiona kubwa zaidi: tangu 1959 trekta mpya ilitakiwa kuwa na fremu au kibanda cha kumkinga dereva, na vifo vikashuka sana. Uingereza ilifuata kwa trekta mpya mwaka 1970. Pingamizi kwamba fremu haizuii kupinduka ni sahihi, lakini fremu huacha nafasi ya uhai chini ya chuma, na mara nyingi huizuia trekta isibingirike mara ya pili. Sharti dereva awe amefunga mkanda, la sivyo hurushwa nje ya nafasi hiyohiyo; na zile fremu za kukunja, zinazolazwa ili trekta ipite chini ya matawi, hazimkingi mtu zikiwa zimelala.