Kilomita Tupu

Dalali anapompigia simu mwenye lori moja la mafuta, humtajia mahali kwanza: Ndola, Lubumbashi, Kigali. Kisha humtajia nauli. Kati ya hayo mawili kuna jambo ambalo dalali halisemi, na ambalo Kiswahili chetu cha usafirishaji bado hakijalipa jina lililotulia: umbali ambao gari litatembea bila mzigo wa kulipiwa.

Wamarekani huuita deadhead. Hapo mwanzo, katika karne ya 19, neno hilo lilimhusu mtu aliyeingia kwenye jumba la maonyesho bila kulipa. Reli zikalichukua, baadaye malori. Ukilifasiri kipande kwa kipande utapata “kichwa mfu”, na dereva aliyepanga foleni Tunduma hataambulia kitu. Yeye husema “kurudi tupu”. Kinyume chake huitwa “mzigo wa kurudi”, na ndiyo ndoto ya kila mwenye gari.

Lakini mzigo wa kurudi ni neno la watu wa tela la wazi. Wao hupeleka bidhaa Kongo, wakarudi Dar es Salaam na shaba. Tenki lililobeba petroli halipakii shaba, wala mafuta ya kula, maana harufu na mabaki ya petroli hayavumiliwi na chakula. Hata mafuta yalipata kuwa na mzigo wa kurudi, enzi yalipobebwa kwenye mapipa. Rhodesia ilipojitangazia uhuru Novemba 1965 na njia ya kusini ya mafuta ya Zambia ikakatika, malori yalipanda na mapipa kutoka Dar es Salaam, yakashuka na shaba. Pipa likishushwa, bodi ya lori inabaki huru kupokea kitu kingine. Tenki halina uhuru huo. Limeumbwa kwa kazi moja.

Kwa hiyo mwenye tenki anahitaji neno la kupigia hesabu, nami napendekeza “kilomita tupu”.

Kwanza, “kurudi tupu” husahau mwanzo wa safari. Gari lililolala Morogoro na kupata mzigo wa kupakia Kigamboni limekwisha kutembea karibu kilomita 200 kabla ya tone la kwanza kuingia. Huko si kurudi, bali ni kufuata mzigo, na dizeli inaungua vilevile.

Pili, tenki lililoshusha petroli si tupu hata kidogo. Kimiminika kimetoka, mvuke umebaki, nao ukichanganyika na hewa kwa kiasi fulani unasubiri cheche tu. Fundi wa kuchomelea anayeambiwa “tenki ni tupu” anaweza kuliamini neno hilo na kupoteza maisha. Afadhali utupu tuuandike kwenye kilomita, tenki tuliite “lililoshushwa” mpaka lioshwe na kupimwa.

Niliwahi kuliwazia neno la mabaharia, farumi, yale mawe au mchanga wa kutuliza jahazi lisilo na shehena. Ni neno zuri, ila farumi ni kitu kinachopakiwa. Nikarudi kwenye “tupu”, ambalo lina maana ya pili tunayoijua sote: maneno matupu ni maneno na basi. Kilomita tupu ni kilomita na basi: ipo barabara, ipo mizani, upo uchovu wa dereva, ila hakuna nauli.

Tuchukue mfano. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni kilomita 930 hivi. Tuseme gari likiwa na mzigo linakwenda kilomita 2 kwa lita, na likishushwa kilomita 3. Kwenda litakunywa lita 465, kurudi 310. Lita 40 kati ya kila 100 zimeungua kwenye kilomita tupu. Nauli yenye sura nzuri kwenye simu, ikiwa dalali tayari ameshaweka cha juu, inaweza kuwa nauli ya kwenda peke yake. Kampuni yenye magari mengi na mkataba wa kudumu huweza kuyapanga ili hasara ya gari moja izibwe na jingine. Mwenye gari moja hana jingine.

Mshindani wake mmoja hana kabisa kilomita tupu. Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968 na kwa miongo mingi lilipeleka mafuta ghafi. Tangu 2023 linapeleka dizeli iliyokwisha kusafishwa, mzigo uleule ambao malori yaliupeleka huko. Bomba halirudi kufuata mzigo mwingine.

Ndiyo maana nataka neno hili lifike kwenye simu ile ya dalali, kabla ya kukubaliana bei. “Mzigo upo Ndola, bosi, nauli ni hiyo.” “Sawa kaka. Na kilomita tupu analipa nani?”