Seneta na Mtoro Mlangoni

Kumwita Mmarekani mweusi "Uncle Tom" ni kumtukana: kibaraka, msaliti wa wenzake. Wengi tumelijua tusi hilo kabla ya kuisoma riwaya ya Harriet Beecher Stowe, Uncle Tom's Cabin. Ajabu ni kwamba Tom wa kitabuni anapigwa hadi kufa kwa sababu amekataa kusema walikojificha wanawake wawili waliotoroka. Msaliti gani huyo?

Riwaya ilianza kutoka kwa vipande gazetini mwaka 1851, ikawa kitabu mwaka 1852. Kilichomkasirisha Stowe ni sheria ya watumwa watoro ya mwaka 1850, iliyowafuata watoro hadi majimbo yasiyo na utumwa. Ukimficha mtoro, unakabiliwa na faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi 6. Mtoro mwenyewe haruhusiwi kutoa ushahidi. Kamishna akiamua arudishwe utumwani analipwa dola 10. Akimwachia huru, dola 5. Hesabu fanya mwenyewe.

Kwangu mimi, moyo wa kitabu uko sura ya 9. Seneta Bird wa Ohio anarudi nyumbani baada ya kuunga mkono sheria ya kuwazuia watu kuwasaidia watoro. Mkewe anambana, naye anajitetea kwa hoja za maslahi ya taifa. Usiku huohuo anaingia Eliza, kavuka mto juu ya mabarafu na mtoto mikononi. Anamuuliza mama mwenye nyumba kama amewahi kufiwa na mtoto. Wamemzika wao mwezi mmoja tu uliopita. Kabla hakujakucha, seneta yuko njiani kwenye matope, anamtorosha Eliza kwa gari lake la farasi.

Stowe anasema mpaka usiku ule Bird alimjua mtoro kama neno tu, au kapicha ka gazetini. Hapo ndipo sisi waandishi wa habari tunapoguswa. Kila mara tunaandika "wahamiaji haramu wakamatwa", tunataja idadi, basi. Majina hakuna.

Na sheria za namna ile hazijaisha. Ufaransa, mkulima Cédric Herrou alishtakiwa kwa kuwasaidia wahamiaji waliovuka kutoka Italia. Mwaka 2018 Baraza la Katiba la nchi hiyo likasema udugu ni kanuni ya kikatiba, na baadaye akaachiwa huru.

Kitabu kina kasoro nzito. Stowe anawagawia watu tabia kwa rangi zao, na mwishoni anawapeleka Eliza na mumewe Liberia, kana kwamba Marekani haina nafasi yao. James Baldwin alikishambulia vikali mwaka 1949, na ana hoja. Hata hivyo, someni sura ya 9. Seneta hakushindwa kwa hoja, maana hoja alikuwa nazo tele. Alishindwa kumtazama yule mama usoni na kumfukuza.