Bonde Lililoitwa Tupu: Idadi ya Watu wa Malinyi na Ulanga Kihistoria

Mtumishi wa Kanisa anayepangiwa kazi Malinyi husikia mapema maneno mawili yasiyopatana. La kwanza ni kwamba bonde la Kilombero tangu zamani lilikuwa pori, makao ya tembo na sheshe, na kwamba watu ni wageni ndani yake. La pili ni kwamba bonde lina wenyewe tangu kale, nao wamesongwa na watu waliokuja na ng'ombe. Yote mawili hutumiwa kama hoja katika ugomvi wa ardhi, na ugomvi huo hufika hadi mlangoni pa usharika. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba utupu wa bonde hili, kwa kadiri ulivyokuwapo, haukuwa wa asili. Ulifanywa na watu, na miaka yake yajulikana.

Yafaa kwanza tuelewe jinsi watu walivyokaa. Maji ya masika huufunika uwanda, na kwa hiyo makazi ya kudumu yalifuata nchi iliyoinuka kidogo, pembezoni mwa uwanda huo. Hata leo anayesafiri kutoka Ifakara kupitia Lupiro, Itete na Mtimbira hadi Malinyi hupita vijiji vilivyopangwa kama shanga katika uzi, huku mashamba ya mpunga yakiwa mbali chini. Mtu akigawanya idadi ya watu kwa eneo lote la wilaya atapata hesabu ndogo, naye atadhani ardhi ni nyingi. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haimwambii ni ardhi ipi inayokalika.

Katika karne ya 19 Wandamba waliishi kando ya mito, wakivua na kulima mpunga. Wapogoro walikaa zaidi katika milima ya Mahenge. Wambunga, waliotokana na misukosuko ya vita vya Wangoni, walijipatia nchi ya Ifakara, na Wabena wa ukoo wa Kiwanga waliteremka kutoka nyanda za juu za Njombe. Basi kuhamia bondeni si jambo lililoanza na wafugaji wa siku hizi.

Ndipo ilipokuja Vita vya Majimaji. Tarehe 30 Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Mahenge, wakaanguka kwa mamia mbele ya bunduki za rashasha. Mtema Kiwanga wa Wabena alikuwa upande wa Wajerumani. Hata hivyo vifo vya siku ile ni vichache vikilinganishwa na vile vilivyofuata. Majeshi ya Kijerumani yalichoma nyumba, yakatwaa chakula na kuharibu mashamba, kwa kuwa maofisa wao waliamua kwamba njaa ndiyo itakayomaliza vita. Serikali ya Kijerumani ilikubali vifo 75,000 katika nchi yote iliyopigana. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti hiyo yenyewe inafundisha: aliyewaua watu ndiye aliyekuwa mwenye daftari la kuwahesabu.

Lakini jambo linalotugusa zaidi halimo katika hesabu ya waliokufa. Katika miaka ya 1930 A. T. Culwick, ofisa wa serikali ya Kiingereza, pamoja na G. M. Culwick, walichunguza idadi ya watu wa Ulanga na kuyachapisha matokeo mwaka 1938 na 1939. John Iliffe, katika historia yake ya Tanganyika ya mwaka 1979, anautaja uchunguzi huo kuwa unaonyesha kwamba njaa ile huenda ilipunguza uzazi wa wanawake waliopona kwa zaidi ya asilimia 25. Tusiipite takwimu hii haraka. Mwanamke aliyeokoka mwaka 1906 aliendelea kuihesabu vita katika mwili wake miaka mingi baada ya bunduki kunyamaza. Watoto ambao hawakuzaliwa hawamo katika 75,000 wala katika 300,000. Wala watoto wa watoto hao hawamo.

Mashamba yaliyoachwa yakawa msitu, wanyama wakaenea, na mbung'o wakawafuata. Mwaka 1917 Mahenge iliona vita tena, majeshi ya Wabelgiji yalipoitwaa kutoka kwa Wajerumani. Mwaka 1922 hifadhi ya Selous ilipewa jina lake, na baadaye ikapanuliwa. Katika miaka ya 1940 serikali iliwahamisha watu wa maeneo ya mashariki, hasa Liwale, ikiwakusanya kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na nchi waliyoiacha ikawa ya tembo. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alidai kwamba mambo ya namna hii ndiyo yaliyopunguza watu wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1890. Wengine wamemkosoa kwamba alizipamba mno siku za kabla ya ukoloni, nasi twaona wana haki kwa sehemu. Lakini kwa habari ya Ulanga hoja yake yasimama. Pori lililoonekana na wataalamu wa miaka ya 1950, walipolipima bonde la Rufiji kwa ajili ya kilimo cha umwagiliaji, lilikuwa kwa sehemu kubwa kaburi lililoota miti.

Tangu hapo watu wameongezeka. Reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, ilivuta walimaji upande wa Mngeta na Mlimba. Malinyi, ng'ambo ya mto, ilibaki ikitegemea kivuko hadi daraja la Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018. Vifo vya watoto navyo vilipungua: vyandarua vyenye dawa vilivyosambazwa Kilombero na Ulanga tangu mwaka 1997 vilionekana kuongeza uhai wa watoto wa chini ya miaka mitano kwa asilimia 27. Sensa ya mwaka 2002 ilikuta takriban watu 194,000 wilayani Ulanga, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Malinyi. Ile ya 2012 ikakuta 265,000. Ongezeko hilo lapita asilimia 3 kwa mwaka, wakati la taifa lilikuwa 2.7. Uzazi peke yake hauelezi tofauti hiyo. Watu walihamia, wakiwamo Wasukuma na wafugaji wengine. Mwishoni mwa 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo bondeni, miezi michache tu baada ya sensa.

Hapa pana jambo dogo ambalo wasomaji wa takwimu hulisahau. Sensa zetu hufanyika mwezi Agosti, nazo humhesabu mtu pale alipolala. Wakati wa kilimo familia nyingi huhamia mashambani na kulala katika madungu, lakini Agosti mavuno yamekwisha nao wamerudi vijijini. Mwezi huohuo uwanda umekauka, na mfugaji ameteremsha ng'ombe kufuata majani mabichi. Sensa ingefanyika Aprili, tungepata ramani nyingine ya watu walewale.

Biblia nayo yajua ugumu wa kuhesabu. Kitabu cha Hesabu kiliandika wanaume wa miaka 20 na zaidi, wafaao kwa vita. Serikali za kikoloni ziliandika vibanda na wanaume wafaao kwa kodi. Hesabu ya Daudi iliishia katika tauni. Kila daftari lina swali lililolianzisha. Tangu mwaka 1996 watafiti wa Ifakara wamekuwa wakizitembelea kaya za vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga, wakiandika kila aliyezaliwa, aliyekufa, aliyehama na aliyehamia. Hilo la mwisho, yaani alikotoka mtu na alikokwenda, mara nyingi halimo katika vitabu vya sharika zetu. Ubatizo tunauandika kwa uangalifu, ndoa vilevile. Maziko ya mtoto aliyefia dunguni, mbali na kanisa, katika mwezi wa mafuriko, huandikwa pale tu mzee wa kanisa anapokumbuka kutuletea habari maji yakishapungua.